Posa, Tindikali na Rufaa ya Mumbai

Mwaka 2013, katika stesheni ya treni ya Bandra jijini Mumbai, muuguzi kijana aliyekuwa anakwenda kuanza kazi alimwagiwa tindikali na mwanamume ambaye posa yake aliikataa. Alifariki hospitalini takriban mwezi mmoja baadaye. Mwaka 2016 muuaji alihukumiwa kifo. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Bombay iliacha hatia ya mauaji kama ilivyo, ikapunguza adhabu kuwa kifungo cha maisha.

Wengine hawakuridhika na punguzo hilo. Kwangu, uzito uko kwenye hatia: msichana kukataa posa hakumpi mtu yeyote, hata aumie vipi, ruhusa ya kumgusa.

Kinachoniuma zaidi ni duka linalouza tindikali. Julai 2013 Mahakama ya Juu ya India iliagiza kila mnunuzi wa tindikali aonyeshe kitambulisho, aeleze sababu, na muuzaji aandike yote daftarini. Muuguzi yule alikuwa ameshafariki. Na daftari lisilokaguliwa halimlindi mtu. Wenye mamlaka ya ukaguzi, nendeni madukani leo, mkayafungue madaftari hayo.