Kengele ya Gesi Haina Cheo
(Hotuba iliyotolewa Bujumbura mbele ya wakazi wa mipakani na wafanyakazi wa viwandani)



Leo tunazungumzia adui asiyeonekana. Watu wa Goma, ng'ambo ya mpaka, wanamjua vizuri na wamempa jina: mazuku. Ni hewa ukaa itokayo ardhini katika nchi ya volkano. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama mabondeni kama maji, hasa alfajiri wakati upepo umelala. Mbuzi huanguka, na mchungaji aliyeinama kumwinua huanguka juu yake. Mazuku haina rangi wala harufu.

Hapa Bujumbura hatuna mazuku ya volkano, lakini tunayo ya viwandani. Pombe inapochachuka hutoa hewa ukaa ile ile. Mashimo ya maji machafu hutoa gesi yenye harufu ya yai viza, na gesi hiyo ikizidi huua kwanza uwezo wa kunusa, hata mtu akadhani hatari imepita. Baadhi ya vyumba vikubwa vya barafu hutumia amonia. Maghala ya mitungi yana gesi ya kupikia, na jenereta tunazowasha umeme unapokatika hutoa moshi wenye sumu. Pua haitoshi kuwa mlinzi wa mahali kama hapo. Ndiyo maana panahitajika kigunduzi cha gesi, chombo kinachopima hewa na kulia kabla hatari haijakomaa.

Hata hivyo, kigunduzi kilichofungwa mahali pasipofaa ni sawa na askari aliyewekwa kwenye lango lisilopitwa na mtu. Kwanza, ijulikane ni gesi gani inayolindwa. Gesi ya kupikia na hewa ukaa ni nzito, basi chombo chake kiwe chini, karibu na sakafu, lakini mahali ambapo maji ya kuoshea hayafiki. Methani na amonia ni nyepesi, basi kiwe juu, karibu na dari. Moshi wa jenereta huchanganyika na hewa, basi kiwe kwenye kimo cha pua ya mtu. Pili, kisifungwe penye upepo wa dirisha au feni, kwa maana upepo huo huifukuza gesi isikifikie. Tatu, kiwe karibu na viungo vya mabomba na vali, ambako uvujaji huanza.

Kazi yenyewe ya kukifunga ina hatari zake. Kutoboa ukuta kwa mashine katika ghala lenye gesi kunaweza kuzaa cheche. Kabla ya kazi, gesi ifungwe, milango ifunguliwe, umeme ukatwe, na hewa ipimwe kwa kigunduzi cha mkononi. Kazi ifanywe na fundi mwenye ujuzi, kwa idhini ya maandishi ya msimamizi, na kwa vifaa vilivyotengenezwa visitoe cheche. Kwa kuwa umeme wetu hukatika, kila kigunduzi kiwe na betri ya akiba.

Kazi haiishii hapo. Kigunduzi huchoka kama jicho la mzee. Kijaribiwe mara kwa mara kwa gesi ya kipimo kinachojulikana, na tarehe iandikwe daftarini. Taa ya kijani huonyesha kwamba kina umeme, lakini haithibitishi kwamba kinanusa.

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno yetu. Gesi ya kupikia huanza kuweza kuwaka ikifikia takriban sehemu 2 katika kila sehemu 100 za hewa. Kengele hutegwa ilie mapema sana, mara nyingi kwenye sehemu moja ya kumi ya kiwango hicho. Kwa hiyo inapolia, macho hayaoni kitu na pua huenda isinuse kitu, na msimamizi mwenye haraka husema, "Izimeni, tuendelee." Kibarua wa kutwa, hasa aliyetoka ng'ambo, huogopa kupoteza ujira wake, akanyamaza. Tunasema wazi: kengele haina cheo, na aliye mdogo kabisa kazini ana haki ya kuitii na kutoka. Na afundishwe maana ya mlio huo siku ya kwanza, kwa lugha anayoielewa, iwe Kirundi, Kiswahili au Kifaransa.

Tunaomba tena kwa msisitizo: mwenzako akianguka ndani ya shimo au tangi, usimfuate bila vifaa vya kupumulia. Upendo wa ndugu ni jambo jema, lakini ndio unaozidisha maiti. Piga kelele, zuia wengine wasiingie, ita kikosi cha uokoaji.

Wala jambo hili si la wenye viwanda peke yao. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2024, huko Embakasi, Nairobi, gesi ililipuka katika kituo cha kujazia mitungi, moto ukavamia nyumba za jirani. Watu walikufa na mamia wakajeruhiwa. Mamlaka ya nishati ya Kenya ilieleza kwamba maombi ya kibali ya kituo hicho yalikuwa yamekataliwa. 

Basi, ndugu zetu, mkiona mitungi ikijazwa uani, au ghala la gesi au mafuta likifunguliwa kimyakimya katikati ya makazi, tuambieni. Hiyo si fitina, ni ujirani mwema. Kigunduzi hulinda chumba kimoja, lakini mtaa mzima hulindwa na watu wanaosema mapema.