Sufuria Juu ya Mafiga: Kufundisha Msuguano Tuli na Msuguano wa Mwendo

Mada kwa semina ya walimu wa fizikia, Mafiga, Morogoro



Tumekutana Mafiga, basi naomba nianzie kwenye mafiga yenyewe. Mawe matatu, moto katikati, sufuria juu. Mama anasonga ugali. Mwanzoni maji ni mengi, mwiko unakwenda bila taabu, na sufuria imetulia. Anaongeza unga. Ugali unaanza kukaza, mkono unatia nguvu, sufuria bado imetulia. Anaongeza unga tena, anageuza kwa nguvu zaidi, na ghafla sufuria inazunguka pamoja na mwiko. Hapo ndipo anapomwita mtoto: njoo unishikie.

Mtoto huyo aliyeitwa kushika sufuria ndiye mwanafunzi wetu wa sekondari. Ameuona msuguano tuli tangu hajajua kusoma. Ameona kwamba mawe yanaishika sufuria kidogo mwiko unapokwenda kidogo, yanaishika sana mwiko unapokwenda sana, na kwamba kuna kiasi ambacho mawe hayakiwezi. Kisha anakuja darasani, tunamwandikia ubaoni kwamba msuguano ni sawa na namba ya msuguano mara kani ya kukandamiza, na kuanzia siku hiyo anakosea jambo alilokuwa akilijua. Mada yangu inahusu hilo neno dogo, "sawa na".

Nitaeleza kosa hilo kwa mfano wa darasa langu mwenyewe. Niliwahi kutoa swali hili: tofali la kilo 2.5 liko juu ya meza. Namba ya msuguano tuli kati ya tofali na meza ni 0.6. Mtu analivuta kwa kani ya nyutoni 5 na halisogei. Msuguano ni nyutoni ngapi? Karibu darasa zima liliandika 15, yaani 0.6 mara uzito wa nyutoni 25. Mwongozo wangu wa kusahihisha nao ulisema 15, na nikawapa alama zote. Siku ya kurudisha madaftari binti mmoja wa dawati la nyuma alinyoosha mkono: "Mwalimu, kama mimi navuta kwa 5 na meza inavuta kwa 15, mbona tofali halirudi nyuma?"

Fanyeni hesabu yake. Kumi na tano ukitoa tano, zinabaki nyutoni 10 za kulisukuma tofali upande usiovutwa. Kwa kilo 2.5, huo ni mchapuko wa mita 4 kwa sekunde kila sekunde. Ndani ya sekunde moja tofali lingekuwa limesafiri mita 2 kuikimbia kamba. Hakuna aliyewahi kuona tofali la namna hiyo. Jibu sahihi lilikuwa 5. Ukivuta kwa 2, msuguano ni 2. Ukivuta kwa 11, ni 11. Usipovuta kabisa, ni sifuri, ingawa tofali ni lilelile, meza ni ileile, na 0.6 ni ileile. Nyutoni 15 ni kikomo tu, kiasi cha mwisho ambacho meza inaweza kukitoa ikidaiwa.

Kwa hiyo fomula ya msuguano tuli haina alama ya "sawa na". Ina alama ya "ndogo au sawa na". Sote tunaijua, na vitabu vingi vinaiandika, lakini kwenye haraka ya kumaliza muhtasari tunaidondosha, kwa sababu maswali mengi ya mtihani yanauliza pale tu kitu kinapokaribia kusogea. Mwanafunzi anayefundishwa siku ya mwisho peke yake hawezi kujua siku nyingine zote zilikuwaje. Kinachobaki na "sawa na" yake halali ni msuguano wa mwendo: tofali likishaanza kuteleza, meza haijibu tena kwa kadiri ya mvuto. Inatoa kiasi kilekile, uvute polepole au uvute kwa haraka, angalau kwa mwendokasi wa kawaida wa darasani.

Kuna jambo la lugha hapa ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha. Neno letu "msuguano" limetokana na kusugua. Kusuguana ni vitu viwili kupita kimoja juu ya kingine, kama mikono wakati wa baridi, kama jiwe la kunolea na kisu. Ndani ya neno lenyewe mna mwendo. Tukimwambia mwanafunzi "msuguano tuli", masikio yake yanasikia kusuguana bila kusuguana. Lakini Kiswahili hakikosi neno la hali hiyo. Dereva husema tairi linashika au halishiki. Fundi baiskeli husema breki imeshika. Anayepanda mnazi anatafuta mahali pa mguu kushika. Kushika ndiyo tabia ya msuguano tuli, na anayeshika hujibu kwa kadiri anavyovutwa. Sipendekezi tuiite "mshiko", maana mtaani hiyo ni hela na darasa litavurugika kwa vicheko. Istilahi ibaki ileile. Ninaloomba ni kwamba somo lianze na kushika, na neno msuguano lije baadaye, watoto wakiwa wameshajua kwamba lina sura mbili: kushika na kuteleza. Hili ni muhimu zaidi sekondari, ambako mwanafunzi hupokea istilahi kwa Kiingereza huku picha zote alizo nazo kichwani ziko kwa Kiswahili.

Sasa jaribio. Mezani nimeweka tofali la kuchoma, kamba na mizani ya springi. Vuteni taratibu sana na msomaji mmoja asome kwa sauti. Nilipolifanya kwa tofali hili nilisoma 3, 6, 10, 13, tofali limetulia, na karibu na 15 likashtuka. Wengi huacha kusoma hapo, kwa sababu wanashangilia kwamba limesogea. Msiache. Endeleeni kulivuta kwa mwendo mmoja, na mtaona sindano imerudi nyuma, kwangu ilikaa kwenye 11 hivi. Kulianzisha kunadai zaidi kuliko kuliendeleza. Wanaoburuta magunia sokoni wanalijua hili kwa migongo yao. Gunia likishaanza kwenda juu ya saruji hakuna anayekubali kupumzika katikati, kwa sababu kupumzika ni kuanza upya.

Jambo hili liliandikwa zamani sana. Themistius, mwanafalsafa wa karne ya 4, alisema ni rahisi kukiendeleza kitu kinachokwenda kuliko kukianzisha kilichotulia. Mwaka 1699 Guillaume Amontons aliieleza Akademia ya Sayansi ya Ufaransa kwamba msuguano unategemea uzito unaokandamiza na hautegemei ukubwa wa eneo linalogusana, na wengi waliona ugumu kuliamini. Lisimamisheni tofali kwa ubavu wake mwembamba mrudie kipimo: namba zitabaki karibu zilezile. Charles-Augustin de Coulomb, ambaye wanafunzi wanamjua kwa umeme, alifanya majaribio ya msuguano na kuyachapisha mwaka 1785. Aliona hata kwamba ubao ukikaa muda mrefu juu ya ubao mwenzake, kuuanzisha kunazidi kuwa kugumu.

Sababu ilieleweka vizuri zaidi katika karne ya 20, kwa kazi ya wanasayansi Bowden na Tabor. Uso unaoonekana laini una vilima na mabonde madogo mno. Nyuso mbili zinagusana kwenye vilele tu, sehemu ndogo sana ya eneo tunaloliona. Uzito ukiongezeka, vilele vinabonyea na mguso halisi unakua, ndiyo maana kukandamiza kuna nguvu kuliko eneo. Vitu vikitulia, vilele vinapata muda wa kukaa na kushikana. Vikiwa kwenye mwendo, havipati muda huo.

Mahali ambapo wanafunzi wangu wamekuwa wakipinga kwa nguvu zaidi ni kwenye gurudumu. Nikiwauliza tairi la bodaboda linalokwenda linatumia msuguano gani, wote hujibu wa mwendo, kwa kuwa pikipiki inakwenda. Siku hizi sibishani nao. Nawatoa nje baada ya mvua, tunatafuta tope. Tairi lililopita likizunguka limeacha chapa safi: kila ua la tairi limejiandika kwenye tope na kona zake, kama muhuri. Muhuri ukisogezwa wakati wa kugonga, maandishi yanachafuka. Kama chapa ya tairi ni safi, basi kile kipande cha mpira kilichogusa ardhi hakikusogea juu yake hata kidogo. Kilitua, kikakaa, kikanyanyuka. Kilikuwa kimeshika. Halafu tunatafuta mahali mtu alipofunga breki kwa nguvu. Pale maua hayapo, kuna mfereji mmoja uliolainishwa. Huo ndio msuguano wa mwendo, umejichora wenyewe.

Kutoka hapo tunakwenda kwenye hesabu ya uhai. Chukua gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa, sawa na mita 17 hivi kwa sekunde. Tuseme kwenye lami kavu namba ya msuguano tuli ni 0.8 na ya mwendo ni 0.6. Tairi linalozunguka huku likishika litasimamisha gari kwa mita 17 hivi. Tairi lililofunga na kuteleza litahitaji mita 23. Tofauti hiyo inazidi urefu wa gari dogo, na ndiyo sababu magari ya siku hizi yana mfumo unaoachia na kukamata breki haraka haraka ili tairi lisifunge. Hizo ni namba za mfano; kwenye lami yenye maji zote mbili zinashuka.

Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 ni mfano mwingine wa kuwapa. Chuma juu ya chuma hushika kidogo kuliko mpira juu ya lami, lakini ni kushika huko kunakoivuta treni nzima hadi kilomita 160 kwa saa. Hapa wanafunzi wanaona pia kwamba msuguano hauzuii tu mwendo. Reli inalisukuma gurudumu mbele, kama ardhi inavyousukuma mguu wako mbele unapotembea.

Na kutembea tunakuona kila asubuhi. Wanawake wanaoshuka kutoka vijiji vya milima ya Uluguru na matenga ya mboga kichwani hupiga hatua fupi njia ikiwa na utelezi. Hatua ndefu inausukuma mguu kwenda mbele zaidi na chini kidogo. Hatua fupi inausukuma chini zaidi. Wanapunguza kinachodaiwa kwenye udongo ili kisifike kikomo. Atakayevuka kikomo hataanguka polepole, kwa sababu mara mguu ukiteleza, msuguano unashuka kutoka ule mkubwa hadi ule mdogo, na kilichokuwa karibu kutosha hakitoshi kabisa.

Mlima wenyewe huishi kwa sheria hiyo. Tarehe 23 Februari 1970, huko Mgeta, upande wa magharibi wa Uluguru, mvua ya milimita 100 hivi ilinyesha kwa takriban saa tatu. Watafiti Paul Temple na Anders Rapp, waliochunguza baadaye, walihesabu maporomoko zaidi ya 1,000. Karibu yote yalikuwa kwenye mashamba na nyasi. Kwenye miti yalikuwa machache mno. Miteremko ile ilikuwa imesimama miaka mingi, na mtu angeweza kudhani imesimama kwa sababu hakuna kani inayoivuta. Ilikuwa ikivutwa kila siku, na kila siku udongo ulijibu kwa kiasi kilekile ilichovutwa, chini ya kikomo. Mvua ilifanya mambo mawili kwa pamoja. Maji yaliongeza uzito, yaani mvuto wa kushuka ukakua. Na yalipojaa kwenye vitundu vya udongo yalizisukuma chembe kutoka ndani, zikapunguza kukandamizana, kikomo kikashuka. Udongo una kunata kwake pia, na mizizi ya miti huufunga, kwa hiyo hesabu kamili ni ndefu kuliko ya tofali. Lakini umbo lake ni lilelile: upande mmoja unapanda, mwingine unashuka, na ile alama ya "ndogo au sawa na" inavunjika. Mtoto wa Mgeta anastahili kufundishwa hili kwa mlima wake.

Hii ndiyo sababu naliona kosa la 15 na 5 kuwa kubwa. Anayeamini kwamba msuguano ni kiasi kimoja siku zote ataona mteremko uliotulia kuwa salama, maana kwake kutulia kunathibitisha kwamba kani ya kushika imezidi. Kutulia hakuthibitishi hivyo. Mteremko uliobakiza nusu ya uwezo wake na ule uliobakiza chembe moja hutulia sawasawa.

Kwa walimu, napendekeza mabadiliko madogo. Kila swali la msuguano liulize kwanza: je, kitu kitasogea? Mwanafunzi atafute kikomo, alinganishe na mvuto, ndipo aseme msuguano ni kiasi gani. Na katika kila zoezi liwepo swali moja ambalo kitu hakisogei wala hakikaribii kusogea, hata kama mtihani wa taifa hauulizi hivyo. Wasiokuwa na mizani wachukue ubao wa urefu wowote, waweke tofali juu, wainue ncha moja taratibu mpaka lianze kuserereka, kisha wagawanye kimo cha ncha hiyo kwa umbali wa chini. Jibu ndilo namba ya msuguano tuli. Wakilisukuma tofali kidogo kwa kidole ubao ukiwa chini ya hapo, watapata kimo ambapo linashuka kwa mwendo mmoja. Hiyo ni namba ya msuguano wa mwendo.

Yule binti nilimrudishia daftari na kumwambia swali lake ni sahihi na mwongozo wangu haukuwa sahihi. Nilisahihisha upya madaftari yote. Waliopata 5 walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa ameifuta akaandika 15 juu yake.

Tofali liko mezani, mizani iko sifuri. Naomba wawili waje mbele: mmoja avute, mwingine asome kwa sauti.