Kuuza Nako Ni Kazi
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Sumbawanga)



Nimeombwa niseme machache juu ya biashara. Nitasema jambo moja tu: kuuza nako ni kazi, na hujifunzwa kama kulima.

Kulima Ufipa tunakujua. Wazee wetu walifanya matuta ya ntumba, wakifukia majani yaoze yawe mbolea, kabla mbolea ya dukani haijafika. Lakini kuuza tuliwaachia wengine. Katikati ya miaka ya 1970 serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, na Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, likanunua. Mkulima wa hapa alilipwa sawa na aliye karibu na Dar es Salaam. Gharama ya lori haikuwa juu yake. Rukwa ikahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikuu ya mahindi. Siubezi mpango huo, ulitusaidia. Ila haukumlazimu mtu kujua mahindi yake yanaliwa na nani. Ulipoondolewa katika miaka ya 1980, umbali ulirudi begani kwa mkulima. Magunia yalikuwapo, wanunuzi hatukuwajua.

Wengine husema shida ni barabara. Barabara ya Tunduma hadi hapa, zaidi ya kilomita 200, imekwisha kuwekwa lami kwa fedha za mkataba na Marekani wa 2008. Nawajua wenye mashine wawili mjini, mashine za aina moja, mtaji unaokaribiana. Lami iliwafikia wote wawili. Mmoja husaga na kumngoja mteja mlangoni. Mwenzake huuliza bei Tunduma na Mbeya kabla ya kununua, hufungasha sembe ya kilo 5, 10 na 25, na mzigo ukiwa na kasoro huurudisha bila ubishi. Mahindi yanapojaa kila mahali, wa kwanza hufunga mashine. Wa pili huagizwa. Tofauti yao si chuma, ni kumjua mnunuzi na kutunza ahadi.

Vijana, jambo hili linawahusu. Madaftari na sare zenu hutoka katika magunia ya wazazi, nayo mengi huuzwa wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, tena kwa lumbesa ambayo sheria ya vipimo imeikataza. Asiyejua bei hupokea anayotajiwa.

Kwa hiyo naomba shule iweke ubao wa bei. Kila Jumamosi wanafunzi wawili waende sokoni waandike bei ya debe. Ya Tunduma nitaileta mimi kila wiki. Mkienda likizo, wapelekeeni wazazi hesabu hiyo kabla hawajafungua ghala.