Kona Kwanza, Kifusi Baadaye



Nimeombwa nieleze kwa nini mwaka huu tunachangia upimaji na michoro kabla ya kifusi. Najua wapo wanaonong'ona kwamba bajaji haipiti juu ya karatasi.

Njia zetu huku milimani zinakwepa mawe na nyumba, kwa hiyo kona ni za ghafla. Sisi mafundi wa michoro tunatumia programu ya Civil 3D. Hufuata mstari wa katikati ya barabara na kukata vipande vya msalaba. Palipo nyooka hakuna tatizo. Lakini kona ikiwa na nusu kipenyo cha mita 5, na barabara pamoja na mtaro inahitaji mita 6 upande wa ndani, vipande hupishana na udongo uleule huhesabiwa mara mbili. Makadirio hayo ndiyo tunayoletewa tulipie!

Njia panda nayo haitoshi kuunganisha mistari miwili. Kingo zake huchorwa peke yake, kisha lori "linapitishwa" kwenye mchoro, maana magurudumu ya nyuma hukatisha ndani kuliko ya mbele. Yasipopata nafasi yanabomoa mtaro, na mvua ikinyesha maji yanaingia kwa jirani.

Basi bahasha za leo ziende kwa mpimaji, ili TARURA tuwapelekee mchoro kamili. Na mwenye kiwanja cha konani akikubali kusogeza ua mita 2, Mweka Hazina auandike kama mchango.