Injini Kubwa katika Motakaa Kuukuu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Mlitutuma sisi watatu tuitazame motakaa ya chama, nasi tumeitazama. Kila mtu humu ndani aijua. Ndiyo iliyotuchukua mazikoni, ndiyo iliyowafikisha wagonjwa wetu hospitali, tangu wakati ambapo baadhi ya makarani waliopo hapa walikuwa bado wanafunzi. Sasa imechoka, mlimani hupitwa hata na baiskeli. Shauri lililoletwa ni kwamba tutoe fedha katika mfuko wa rambirambi, tununue injini kubwa ya V8, tuipachike ndani yake. Hatufichi kwamba tuliliendea shauri hilo kwa furaha. Nani asiyependa mngurumo wa silinda nane?

Motakaa yetu ni Land Rover ya Series III, aina iliyoundwa tangu 1971 hata 1985. Injini yake ya petroli ina silinda nne, na ukubwa wake ni sentimita za ujazo 2,286. Hiyo inayotakiwa ni 3,528. Asili yake ni Marekani: Buick waliitia katika magari yao ya 1961, kisha Rover wa Uingereza wakanunua haki ya kuiunda mwaka 1965. Mwili wake ni wa alumini, kwa hiyo si nzito kama idhaniwavyo, na jambo hilo limewavuta mafundi wengi.

Lakini na tuangalie wenye kiwanda walifanya nini. Mwaka 1979 walitia injini hiyo hiyo katika Series III ile ndefu, yenye inchi 109 kati ya ekseli na ekseli. Je, waliitia tu wakafunga boneti? Sivyo. Waliisogeza rejeta mbele, hata uso wa gari ukabadilika. Waliweka giaboksi nyingine, igawayo nguvu kwa magurudumu yote manne daima, ili ekseli moja isibebe mzigo wote. Tena, jambo lililotushangaza kuliko yote, waliipunguza nguvu. Katika Range Rover ya 1970 injini hiyo ilitoa nguvu za farasi 135. Katika Land Rover waliikaba koo isitoe zaidi ya 91. Mwenye kiwanda, aliye na vipimo vyote na wahandisi wote, aliogopa. Fundi wetu wa chini ya mwembe haogopi.

Hatumtukani fundi, mkono wake ni mwepesi na kazi yake twaijua. Tulimwuliza habari za breki, akajibu kwamba breki zipo. Zipo kweli, za ngoma, magurudumu yote manne, zilizopimwa kwa injini ndogo. Sisi ni watu wa hesabu: mwendo ukitoka kilomita 60 kwa saa ukafika 90, umezidi mara moja na nusu, lakini kazi ya breki katika kuusimamisha huzidi mara mbili na robo. Injini haimsaidii mtu hapo.

Yuko mwenzetu mmoja aliyeturuhusu tusimulie habari zake bila kutaja jina. Alistaafu, akatumia sehemu ya kiinua mgongo chake kupachika injini kubwa katika gari lake la mizigo. Kwa miezi michache alitupita sote barabarani akipunga mkono. Siku moja alishuka mlima wa Kitonga kwa mwendo ule alioukwisha kuuzoea, mkewe kando, magunia nyuma. Ngoma zikapata moto, kanyagio likazama hata chini, naye akaligonga gari ukingoni kwa makusudi, upande wa mlima, lisiingie bondeni. Mkewe hata leo hutembea kwa fimbo. Injini haikupata hata mkwaruzo.

Vijana wa California walifanya mambo haya zamani. Ford alipotoa V8 yake mwaka 1932, waliichukua wakaitia katika Model A za 1928 hata 1931, wakaenda kushindana katika maziwa yaliyokauka, mahali pasipo kona wala mtembea kwa miguu. Hata hivyo wenye akili miongoni mwao walitafuta na breki za mafuta za Ford ya 1939.

Habari ya kadi twaipita upesi: namba ya injini imeandikwa humo, na injini ikibadilishwa pasipo kuarifu, siku ya ajali wenye bima watapata la kusema.

Shauri letu basi ni hili. Injini iliyopo ichongwe silinda, itiwe pistoni na ringi mpya, na breki zote zifanywe upya kabla ya lolote. Mlima itaupanda, ila polepole, na wenye haraka watashuka wasukume. Mmoja wetu hakukubali: aona afadhali tungoje mwaka mzima, tununue injini pamoja na giaboksi yake na ekseli zake. Neno lake si la kipuuzi, naye atalisema mwenyewe baada yetu. Karatasi ya gharama iko kwa Karani wa chama. Fedha za breki zimeandikwa mstari wa tatu.