Titi Linaweza Kubaki
(Mazungumzo ya muuguzi kwa kikundi cha akina mama)

Akina baba mlioketi kule nyuma, sogeeni. Habari hii ni yenu pia.

Mama mmoja alinijia na uvimbe mkubwa kama yai. Akaniambia, "Niliujua tangu wakati wa kupanda, lakini niliogopa kukatwa titi." Basi hofu hiyo ndiyo iliyomfikisha kwa kukatwa titi lote. Ulipokuwa kama punje ya hindi, pengine ungetolewa, titi libaki.

Huko Milan, Italia, kuanzia 1973 Daktari Umberto Veronesi na wenzake walifuatilia wanawake 701 wenye uvimbe usiozidi sentimita 2. Wengine walikatwa titi lote, wengine sehemu tu, kisha wakapigwa mionzi. Baada ya miaka 20, waliobaki hai walikuwa sawa pande zote mbili.

Lakini msikimbie mionzi! Katika utafiti wa Marekani, kati ya waliotolewa uvimbe bila mionzi, ugonjwa ulirudi katika titi lile lile kwa 39 hivi kati ya 100. Waliopata mionzi walikuwa 14 hivi. Na mionzi ni safari: Jumatatu hadi Ijumaa, mara nyingi wiki 3 hadi 5. Hapo ndipo kikundi kinahitajika, kwa nauli na mtu wa kukama ng'ombe.

Titi litakuwaje? Sitawadanganya, halitakuwa kama la jana. Kwanza huvimba, na ngozi iliyopigwa mionzi huwa nyeusi zaidi. Baadaye, hata miaka miwili mitatu, titi laweza kupungua na kuwa gumu kidogo. Penye kovu huenda pakabonyea, hasa kama uvimbe ulikuwa mkubwa na titi dogo. Wengine huweka kitambaa ndani ya sidiria, wakatoka wamependeza. Mabadiliko hayo peke yake si ugonjwa kurudi. Ila ukigusa kinundu kipya, rudi kliniki upesi.

Kabla ya kutia sahihi, muulize daktari: je, titi langu laweza kubaki? Litakuwa na umbo gani? Mionzi nitaipata wapi? Usione haya, mwili ni wako. Baba naye aende, asikie mwenyewe.

Mwenye swali la siri, nitakuwa pale nyuma ya jiko mpaka chai iishe.