Tukichunguze Choo Kabla ya Kumlaumu Jirani

Hotuba ya walimu iliyosomwa mbele ya wakazi wa kambi, Siku ya Choo Duniani, tarehe 19 Novemba



Sisi walimu tumepewa heshima ya kusema machache katika siku hii. Mwezi Julai 2013 Umoja wa Mataifa uliamua kwamba kila tarehe 19 Novemba iwe Siku ya Choo Duniani. Tangazo la mkutano huu lilipobandikwa kwenye ubao wa kamati, wapo waliocheka. Hatuwalaumu. Choo ni jambo ambalo mtu mzima hulitaja kwa sauti ya chini. Lakini jambo lisilosemwa huharibika bila mtu wa kulitengeneza, na kwa sababu ya choo kibovu sisi wenyewe tulikaribia kutolewa nje ya nyumba. Tutaeleza kwanza ilivyokuwa, kisha namna ya kuchunguza na kutengeneza.

Kabla ya kufika kambini, baadhi yetu tulipanga vyumba Walukuba, mjini Jinja. Mtaa ule ulijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika, Jinja ilipokuwa inakua kwa sababu ya viwanda na bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Mwaka 1972 liliundwa Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka, likaanza kazi katika miji mitatu: Kampala, Entebbe na Jinja. Kwa hiyo tulikuta huko vyoo vya kuvuta maji, mabomba ya chini ya ardhi na chemba zenye vifuniko. Wengi wetu tulikulia kwenye vyoo vya shimo. Choo cha kuvuta maji tulijua kukitumia, lakini hatukujua kinavyofanya kazi.

Tulikuwa familia nne kwenye choo kimoja. Asubuhi moja kikajaa na kufurika hadi uani. Maneno yakaanza papo hapo: "Ni hawa wakimbizi. Hawajui vyoo vya mjini." Mwenye nyumba akaleta fundi. Fundi hakufunua kitu wala hakuuliza swali. Alivunja sakafu, akaziba, akapokea fedha zake, akaenda. Siku ya tatu choo kikafurika tena. Hapo tukapewa wiki mbili za kuhama, na watoto wetu walikuwa katikati ya muhula.

Jirani mmoja, mzee aliyekuwa amestaafu kazi ya kiwandani, alikuja akatuambia: "Walimu, ninyi kazi yenu ni kuuliza maswali. Mbona choo hamjakiuliza?" Akatuonyesha chemba tatu zilizofuatana kutoka chooni kuelekea barabarani. Tukafunua ya kwanza, imejaa. Tukafunua ya pili, imejaa. Tukafunua ya tatu, kavu. Basi jibu likawa wazi kama hesabu ya darasa la tatu: kizuizi kilikuwa kati ya chemba ya pili na ya tatu, mbali kabisa na sakafu iliyovunjwa. Tulipochimba mahali pale, chini ya mfenesi, tukakuta mizizi imepenya kwenye kiungo cha bomba kuukuu la udongo. Katika mizizi hiyo vilikuwa vimenasa vitambaa, magunzi ya mahindi na mifuko ya nailoni.

Ndugu zetu, mizizi ile haikuwa ya mkimbizi wala ya mwenyeji. Lakini vitambaa vilitoka katika kila nyumba, na yetu ikiwamo. Tulikiri mbele ya majirani, nao wakakiri. Kipande cha bomba kikabadilishwa kwa mchango wa wote, na habari ya kuhama ikaisha. Hicho ndicho kiini cha maneno yetu ya leo: choo kikiharibika, kichunguzwe kwanza. Lawama ya haraka haizibui bomba, na fundi asiyechunguza huuza kazi isiyohitajika.

Sasa tuyatazame matatizo yenyewe, moja baada ya jingine. Tutaanza na choo cha kuvuta maji, kwa faida ya wale wanaopanga mijini, ya watoto wetu wanaosoma huko, na ya wageni wetu wa mashirika ambao nyumba zao zinavyo.

Kwanza, maji yanayotiririka bila kukoma. Funua tangi, kisha inua boya kwa mkono. Maji yakikoma, kosa liko kwenye boya. Litikise: likiwa na maji ndani limetoboka na libadilishwe. Likiwa zima, teremsha mkono wake kidogo ili maji yasimame kama sentimita 2 chini ya mdomo wa bomba la kumwagia ziada. Maji yasipokoma hata baada ya kuinua boya, kosa liko kwenye koki yenyewe: raba yake imelika au ina mchanga. Funga koki ya ukutani kwanza, fungua, safisha, weka raba mpya.

Pili, maji yanayopungua tangini kimyakimya. Tia wino kidogo au kahawa nzito ndani ya tangi, usivute maji kwa nusu saa, kisha tazama bakuli. Ukiona rangi bakulini, raba ya chini ya tangi haifungi. Mara nyingi inatosha kuifuta uchafu au kulegeza mnyororo uliokazwa mno. Ikiwa imekakamaa, nunua nyingine.

Wapo watakaosema kwamba tone la maji si kitu. Tufanye hesabu. Choo kinachovujisha kikombe kimoja cha mililita 250 kwa dakika hupoteza lita 15 kwa saa, yaani lita 360 kwa siku. Hizo ni jerikani 18 za lita 20. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, limeweka kipimo cha lita 20 kwa mtu kwa siku. Maana yake ni kwamba choo kimoja kinachovuja hunywa maji ya watu 18. Tunalisema hili kwa heshima mbele ya wageni wetu, kwa sababu raba ni kitu kidogo, na foleni ya bombani kwetu ni ndefu.

Tatu, choo kilichoziba. Swali la kwanza ni hili: kimeziba kimoja, au vyote vya safu ile? Kikiwa kimoja, kizuizi kiko karibu, kwenye kona ya bakuli au bomba lake. Tumia mpira wa kuzibulia: uzamishe majini, sukuma na kuvuta mara nyingi bila kuuinua, mpaka maji yashuke. Vikiwa vyote, fanya kama yule mzee: funua chemba kwa kufuatana. Kizuizi kiko kati ya chemba iliyojaa ya mwisho na chemba kavu ya kwanza. Ikiwa hata chemba ya mwisho ya uani imejaa, tatizo liko mbele, katika bomba kuu, na hapo waitwe wenye bomba. Msivunje sakafu.

Nne, harufu. Chini ya bakuli bomba limepinda kama shingo ya bata, na katika kona hiyo maji hubaki daima. Maji hayo ndiyo mlango unaozuia hewa mbaya. Choo kisichotumika kwa wiki kadhaa hukauka na mlango hufunguka, hivyo dawa yake ni ndoo moja ya maji. Ikiwa maji hukauka hata choo kikitumika, huenda bakuli lina ufa.

Sasa tuje kwetu kambini, kwenye vyoo vya shimo. Hapa hakuna boya wala koki, lakini kanuni ni ile ile ya kutazama kwanza.

Choo cha shimo chenye bomba la hewa kilibuniwa Zimbabwe katika miaka ya 1970. Upepo ukipita juu ya bomba huvuta hewa kutoka shimoni, na hewa safi huingia kupitia tundu la kuchuchumalia. Nzi walio shimoni hufuata mwanga juu ya bomba, hukuta wavu, hufia hapo. Kwa hiyo kikinuka au kikijaa nzi, tazameni mambo manne. Je, wavu umechanika au umezibwa na buibui? Je, bomba limepanda angalau nusu mita juu ya paa? Je, chumba kina giza la kutosha, au mlango umeng'oka na nzi wanafuata mwanga wa mlangoni? Na je, tundu limefunikwa? Hapa tumekuwa tukikosea wengi. Choo chenye bomba la hewa kisifunikwe tundu, maana tukilifunika tunakata pumzi yake. Choo kisicho na bomba la hewa ndicho kinachohitaji kifuniko, na konzi ya majivu kila baada ya matumizi.

Shimo kujaa mapema ni tatizo lingine. Mara nyingi si kwa wingi wa watu, ni kwa sababu shimo limegeuzwa jalala. Mifuko, chupa na nguo kuukuu haziozi. Dawa kali za kuua vijidudu nazo zisimwagwe humo, kwa kuwa huua vile vijidudu vinavyoozesha uchafu. Shimo likibakiza nusu mita kufika juu, lisitumike tena: lijazwe udongo na lingine lichimbwe. Na lichimbwe angalau mita 30 kutoka kisimani.

Hatari kubwa kuliko zote ni ufa kwenye udongo unaozunguka slabu, au slabu inayotikisika ukikanyaga. Huo si ubovu wa kungojea kikao. Choo kifungwe saa hiyo hiyo, liwekwe tawi la miiba mlangoni, na watoto waambiwe. Chanzo chake huwa ni maji ya mvua au maji ya kuoga yanayoingia shimoni na kulegeza kuta. Chimbeni mfereji wa kuzunguka choo kabla ya masika, na maji ya kuoga yaelekezwe kwingine.

Tunaomba pia mzingatie usalama. Mtu asiingie kamwe ndani ya shimo wala chemba, hata kwa dakika moja, hata kuokota simu. Hewa ya humo huua, na anayeingia kumwokoa mwenzake hufa naye. Msiwashe moto karibu. Msichanganye dawa ya klorini na asidi ya kusafishia vyoo, kwa sababu hutoa hewa ya sumu. Vaeni glavu, na mkimaliza nawieni kwa sabuni.

Huenda kijana akauliza: yanayotoka chooni yanakwenda wapi? Maji taka ya Walukuba huelekezwa kwenye mabwawa ya Kirinya. Hapo hutulia na kusafishwa na jua na vijidudu, kisha hupita katika kinamasi cha mafunjo na kuingia Ziwa Viktoria. Ziwa hilo hilo ndilo chanzo cha maji ya kunywa ya Jinja, na ndilo wavuvi wa Masese wanalotoa samaki. Kumbe choo cha mtu mmoja hakiishii uani kwake. Hapa kambini pia maji ya shimo hushuka ardhini, na sisi sote tunachota katika ardhi hiyo.

Ndugu Mwenyekiti, tunamaliza kwa maombi matatu. La kwanza, kila sehemu ya kambi iwe na sanduku moja la vifaa: mpira wa kuzibulia, glavu, sabuni, wavu wa akiba, koleo na mfuko wa saruji, na liwe mikononi mwa mtu anayejulikana. La pili, wanafunzi wa darasa la saba wafundishwe kukagua choo kila Ijumaa, wavulana kwa wasichana, wakiwa na mwalimu, na waandike walichokiona. Wakague kwa macho tu, wasifunue shimo. La tatu ndilo kubwa: kamati isikubali shitaka lolote la choo, dhidi ya nyumba yoyote, kabila lolote au mgeni yeyote, kabla ya kwenda pamoja mahali penyewe kutazama.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulionusurika Walukuba tunaongeza kwamba ufa wa choo usipochunguzwa mapema huingia hadi katikati ya majirani, na huo ni mgumu zaidi kuuziba.